Saa Mbili na Dakika Kumi

Marjolaine,
leo Winnipeg ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
baridi inayogandisha kope ukipepesa mara mbili,
na mimi nimesimama pale pale ulipokuwa unasimama,
kati ya kabati namba mia mbili na nne na bomba la maji ya kunywa,
saa mbili na dakika kumi, si na tisa, si na kumi na moja.
Namsubiri mtu.

Unaikumbuka siku yangu ya kwanza?
Walikupa karatasi yenye jina langu na neno usonji,
wakakupa na mafunzo ya saa moja, na biskuti.
Ukaja na tabasamu la meno yote,
umekariri maswali kumi na mawili.
Nikajibu la tatu tu: napenda supu gani.
Mengine yalinipita juu ya kichwa, ndege wasio na pa kutua.

Ukanyamaza.
Watu wote kabla yako walikijaza kimya changu
kama mtu anayeziba tundu la paa kwa matambara.
Wewe ukakaa ndani yake, ukavua glavu, ukala tufaha.
Ndipo nikakuambia habari ya taa:
kwamba ule mrija wa tatu juu ya ngazi unalia,
sauti nyembamba, uzi wa chuma toka sikio hadi sikio,
ndiyo maana siipandi ngazi ile; si kiburi, si uvivu.
Ukaenda ukasimama chini yake dakika nne nzima.
Ukarudi ukasema: Siusikii. Lakini twende ngazi nyingine.

Siusikii, lakini.
Miaka mitatu nayatembeza maneno hayo
kama ufunguo wa nyumba mfukoni.

Ulikosea pia. Nasema, maana hukupenda kusifiwa uongo.
Siku ya zoezi la moto, king'ora kilipopasuka,
ulinishika mkono ukavuta,
nikakunjika sakafuni kama kiti cha turubai,
na watu wakinipita, buti, buti, buti,
na Bwana Thiessen akipuliza kipenga juu ya kelele
kana kwamba kelele ilikuwa haitoshi.
Kesho yake hukuja na pole mia.
Ulileta daftari, ukauliza: Mara nyingine nifanye nini?
Nikaandika: Simama mbele yangu. Usiguse. Onyesha mlango kwa kidole.
Ukaipachika karatasi ndani ya ganda la simu yako
ikakaa humo hadi wino ukafifia.

Wakasema mradi umefana. Wakatupiga picha.
Wewe unaitazama kamera,
mimi natazama kiwiko chako, chenye kiraka chekundu.
Chini wameandika: Kiongozi na Anayeongozwa.
Hakuna aliyeuliza nani alikaa na nani
nyuma ya ukumbi wa mazoezi, wiki ile ulipofiwa na babu,
na hakuna aliyesema lolote,
na ilikuwa sawa.

Sasa karatasi wamenipa mimi.
Jomari Dimaculangan, miaka kumi na minne.
Biskuti nilikataa. Mafunzo nilikaa mpaka mwisho,
nikanyoosha mkono mara moja tu, kusema
ukurasa wa tano, penye "mtazame machoni", ufutwe.
Wameahidi kufikiria.

Saa mbili na dakika kumi na nne.
Amechelewa, tumbo linanisokota.
Wewe dakika kama hizi ulikuwa unazifanyia nini?
Hukuwahi kuniambia kuwa kusubiri nako ni kazi.

Yule anakuja. Kofia imeshuka hadi puani.
Hasalimu. Nami sisalimu.
Anasema, akiliambia bomba la maji:
Gari la kuzoa theluji la Provencher
leo koleo lake limepinda, upande wa kushoto.
Namuuliza: Kiasi gani?
Anapima hewani kwa viganja viwili,
anapunguza kidogo,
anapima tena.